Kwa nini vijana wa chombo wanahama?



Katika mialo mingi ya ziwa letu, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka Nansio, Kome na Maisome, kuna lalamiko moja tunalolisikia kila tunapopita. Wenye mitumbwi wanasema, "Wavuvi hawakai." Mtu ananunua mtumbwi. Ananunua injini, nyavu na taa. Anakusanya vijana wanne. Giza la kwanza wanavua vizuri. Giza la pili wawili wameaga, ati wanakwenda msibani. Giza la tatu anaamka asubuhi, mtumbwi upo umefungwa, kambi tupu, na fedha alizowakopesha zimekwenda nao.

Ukiwauliza vijana wenyewe, nao wana lao. Wanasema, "Matajiri hawana hesabu."

Somo letu la leo ni juu ya jambo hili. Wengi wenu mna mtumbwi, au mna fungu katika chombo cha kikundi, au mnavua katika chombo cha mtu mwingine. Someni wote. Mwenye chombo asome ajue kuajiri na kukaa na watu. Mvuvi asome ajue haki yake na wajibu wake. Mkiweza, someni pamoja pale kambini wakati wa mbalamwezi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mbalamwezi dagaa hawafuati taa, basi muda upo.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kuajiri ni kumpa mtu kazi kwa malipo. Mwajiri ni yule anayetoa kazi. Mwajiriwa ni yule aliyepewa kazi. Mkataba ni mapatano kati ya hao wawili, yawe ya mdomo au ya maandishi. Mgawo ni sehemu ya mapato ambayo kila mmoja anapata baada ya gharama kutolewa.

Mtu hafungwi kwa kamba

Ziwa Victoria lina wavuvi zaidi ya 200,000 katika nchi tatu, na karibu nusu yao wako upande wetu wa Tanzania. Mialo ni mingi mno. Kijana anayejua kutega nyavu akiondoka kwako leo jioni, kesho asubuhi anaweza kuwa kazini Ukara, au amevuka Kagera, yuko Goziba. Hana haja ya barua. Mkoba wake ni mfuko na shuka. Kwa hiyo mwenye chombo anayefikiri kwamba atamshika mvuvi kwa nguvu anajisumbua bure.

Wazee wetu waliona haya zamani. Watu wengi wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda Tanga kukata mkonge wakati wa ukoloni. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mpaka siku zote 30 zijae ndipo alipwe. Tena kulikuwa na sheria ya serikali ya Waingereza ya mwaka 1923, sheria ya mabwana na watumishi wao, ambayo ilimhesabu mfanyakazi aliyetoroka kazini kuwa ni mkosaji. Aliweza kushtakiwa na kufungwa. Haya, je, watu waliacha kutoroka? Hawakuacha. Walitoroka usiku, walibadili majina, walikwenda shamba la jirani. Sheria kali na malipo ya kucheleweshwa havikuwafanya watu wapende kazi.

Lakini huku kwetu Usukumani kulikuwa na vikundi vya kulima, kama vile elika, ambavyo havikulipa mshahara hata senti. Vijana walilima shamba la huyu leo, kesho la yule, wakiimba na kupiga ngoma. Ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe, imetoka katika kazi hiyo hiyo. Mwenye shamba aliandaa chakula. Hakuna aliyetoroka. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake itafika, na watu watakuja kwake kama alivyokwenda yeye kwao. Hesabu ilikuwa wazi machoni pa wote. Tena mlimaji hodari alisifiwa kwa jina lake.

Hatusemi mwenye mtumbwi awapigie wavuvi ngoma. (Wengine wangefurahi.) Tunasema kwamba mtu anakaa pale ambapo anaijua hesabu, na ambapo anahesabiwa kuwa ni mtu.

Anza na nahodha

Wenye vyombo wengi wanachukua watu kwa haraka. Giza limeingia, mtumbwi uko tayari, anatokea kijana mwenye mabega mapana, basi, "Panda!" Mabega si kazi. Mtumbwi unaongozwa na kichwa.

Tafuta nahodha kwanza. Nahodha ndiye anayejua upepo. Ndiye anayeamua kwenda au kurudi. Ndiye anayewatuliza wenzake saa nane za usiku wakati nyavu zimenasa. Ukimpata nahodha mzuri, mwache yeye ashiriki kuwachagua wengine, maana ndiye atakayelala nao ziwani. Mwenye chombo anayemletea nahodha mpwa wake mvivu, kisha akamwambia "vumilia tu," ameanza kumpoteza nahodha siku hiyo hiyo.

Ndugu ni jambo gumu. Mtoto wa dada yako akiwa hodari, ni baraka. Akiwa mvivu, huwezi kumwondoa bila ugomvi wa ukoo, na wengine wanaona kwamba uvivu unalipwa sawa na bidii. Ushauri wetu ni huu: ndugu naye apite mlango ule ule wanaopita wengine.

Jambo la kuuliza ni lipi? Tusome mazungumzo haya. Hayo ni mfano tu.

Kijana: Shikamoo, mzee.

Mwenye chombo: Marahaba. Kaa hapo kivulini. Umetokea wapi?

Kijana: Ukara, mzee. Nimesikia unatafuta mvuvi.

Mwenye chombo: Natafuta. Ulikuwa unavua chombo cha nani?

Kijana: Cha tajiri mmoja wa hukohuko. Nimekaa naye mwaka mmoja.

Mwenye chombo: Mbona umeondoka?

Kijana: Mgawo haukueleweka. Tukiuliza anafoka.

Mwenye chombo: Naweza kumpigia simu nimwulize habari zako?

Kijana: Piga tu, mzee. Namba yake hii hapa. Sikumwachia deni.

Mwenye chombo: Vizuri. Unajua kuogelea?

Kijana: Kidogo.

Mwenye chombo: Kidogo kiasi gani? Unaweza kufika kwenye ule mtumbwi pale?

Kijana: (anacheka) Nusu yake.

Mwenye chombo: Basi ukiwa ziwani jaketi hulivui. Una miaka mingapi?

Kijana: Ishirini na mmoja. Kitambulisho changu hiki.

Mwenye chombo: Na wewe, huna swali?

Kijana: Ninalo. Gharama zipi zinatolewa kabla ya mgawo?

Wasomaji, tazameni swali hilo la mwisho. Wako matajiri ambao wangemfukuza palepale. Wangesema, "Huyu ni mjuaji, atanivurugia kambi." Sisi tungemwandika palepale. Mtu anayeuliza habari za gharama siku ya kwanza hatagombana nawe siku ya mwisho. Wa kuogopa ni yule anayesema "sawa, sawa, sawa" kwa kila jambo, halafu anakata shauri usiku.

Tazameni pia kwamba mwenye chombo ameomba kumwuliza tajiri wa kwanza. Ukimpigia, usiulize tu, "Ni mtu mzuri?" Uliza mambo yanayojibika. Alikaa muda gani? Aliacha deni? Alipata kupigana? Alikuwa mlevi kazini? Na yule akikujibu, "Ni mkaidi," mwulize tena, "Mkaidi kwa lipi?" Ukaidi wa kukataa kuingia ziwani wakati wa dhoruba ni akili.

Zaidi ya hapo, uliza kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu. BMU huandika wavuvi na vyombo. Kijana mgeni apite pia kwa mwenyekiti wa kijiji na barua yake ya utambulisho. Si kwa sababu wageni ni wabaya. Ziwa hili limejaa wageni, na wewe ni mgeni wa mtu mahali pengine. Ni kwa sababu chombo kikizama, lazima kuwe na mtu anayejua kwao ni wapi na wa kupigiwa simu ni nani. Tumeona makaburi ya vijana pembeni mwa mialo ambayo hayana jina.

Kisha mjaribu. Giza moja linatosha. Mwambie wazi, "Giza hili tunatazamana. Utalipwa mgawo wako kama wengine. Likiisha, mimi nitasema na wewe utasema." Kumjaribu mtu bila malipo ni wizi, tusidanganyane.

Na mtoto je? Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi ya hatari, na imetaja kazi ya chombo cha majini pamoja na migodi na viwanda. Mwanafunzi anayelala mtumbwini usiku anasinzia darasani mchana, kisha haji kabisa. Sisi watu wa elimu ya watu wazima tunakutana naye baada ya miaka kumi, hajui kusoma, anaanza na a, e, i, o, u.

Hesabu ya mgawo

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nasi tutakaa kidogo. Chukueni kalamu.

Kila mwalo una desturi yake ya mgawo. Mahali pengine wanagawana nusu kwa nusu baada ya gharama. Mahali pengine wavuvi wa sangara wanapewa samaki wa siku fulani. Kwa mfano wetu tuseme mwenye chombo cha dagaa amepatana na wavuvi wanne nusu kwa nusu. Giza limekwisha, hesabu ni hii:

Mauzo ya dagaa: Sh. 3,600,000
Mafuta ya injini: Sh. 900,000
Chakula cha kambi: Sh. 240,000
Kuchaji betri za taa: Sh. 160,000
Ushuru: Sh. 100,000

Tujumlishe gharama: 900,000 + 240,000 + 160,000 + 100,000 = 1,400,000.
Tutoe: 3,600,000 – 1,400,000 = 2,200,000.
Nusu ya mwenye chombo: 1,100,000.
Nusu ya wavuvi: 1,100,000. Tugawe kwa 4 = 275,000 kila mmoja.

Sasa tuseme katikati ya giza mwenye chombo amenunua kipande kipya cha wavu kwa Sh. 400,000. Naye ameiingiza katika gharama bila kusema. Gharama zimekuwa 1,800,000. Kinachobaki ni 1,800,000. Nusu ya wavuvi ni 900,000. Kila mmoja anapata 225,000.

Mvuvi anatazama mkononi. Alitegemea 275,000, anaona 225,000. Elfu hamsini zimekwenda wapi? Anauliza, anaambiwa, "Gharama zimepanda." Haelewi zaidi. Lakini sisi tunaelewa. Wavuvi wanne, kila mmoja elfu hamsini, ni laki mbili. Wamechangia nusu ya bei ya wavu ambao si wao. Wakiondoka kesho, wavu unabaki.

Je, mwenye chombo ana makosa? Yeye anasema wavu ulichanika katika kazi ya wote. Ana hoja. Mvuvi anasema wavu ni mali ya tajiri. Naye ana hoja. Maoni yetu ni haya: kitu kinachotumika kikaisha, kama mafuta na chakula, ni gharama ya wote. Kitu kinachobaki kuwa mali ya mwenye chombo, kama wavu, injini na taa, akinunue yeye kutoka katika nusu yake. Kama mwalo wenu una desturi nyingine, fuateni hiyo, lakini itajwe kabla mtumbwi haujagusa maji. Kinachowaudhi watu zaidi ni kukatwa bila kuambiwa.

Mvuvi asiyeijua hesabu ana njia zake za kulipiza. Moja mnaijua wote: kuuza ziwani. Usiku mtumbwi mwingine unakuja, ndoo mbili tatu zinahama, fedha zinaingia mfukoni, na asubuhi mwenye chombo anaambiwa, "Leo dagaa walikuwa wachache, tajiri." Wizi ni wizi, hatuutetei. Lakini tumezungumza na wenye vyombo waliobadili njia yao ya hesabu, na wengi walituambia kwamba baada ya hapo dagaa "waliongezeka". Dagaa wale wale, ziwa lile lile.

Njia yenyewe ni daftari mbili. Moja inakaa kwa mwenye chombo, moja inakaa kwa nahodha au kwa mvuvi yeyote anayejua kusoma. Kila asubuhi, dagaa wakishapimwa, mnaandika katika zote mbili: tarehe, ndoo ngapi, bei ya ndoo, mafuta lita ngapi na bei yake, chakula. Kisha wote wawili mnatia sahihi. Ni kazi ya dakika tano. Risiti ya mafuta inabanwa kwenye ukurasa. Siku ya mgawo mnaweka daftari mbili pamoja juu ya mkeka, wavuvi wote wakiwepo, mnajumlisha kwa sauti. Hapa kisomo kinakuwa chenye manufaa kwelikweli. Kama hakuna hata mmoja kambini anayeweza kuandika tarakimu, mwenye chombo amsaidie mmoja aingie darasa la jioni. Atapata faida yake.

Na mlipe siku mliyosema. Mtu aliyeacha mke na watoto Magu au Misungwi anapigiwa simu kila siku, "Unga umekwisha." Ukimwambia "subiri wiki ijayo" mara mbili, mara ya tatu hasubiri. Wako wenye vyombo wanaowauliza wavuvi wao, "Kiasi gani niende nikitume nyumbani kwa simu, na kiasi gani nikupe mkononi?" Tunaona ni utaratibu mzuri, ili mradi ni mvuvi mwenyewe aliyeamua, na ujumbe wa simu auone.

Mkopo unafunga au unafungua?

Matajiri wengi wanaamini kwamba mkopo unamfunga mvuvi. "Nimempa laki tatu, ataondokaje?" Kumbe ndivyo atakavyoondoka! Mtu mwenye deni asiloweza kulilipa akiliona linakua, anapima: nikae hapa nifanye kazi mwaka mzima bila kuona fedha, au nipande boti ya asubuhi? Tena yule uliyemvuta kwa laki tatu kutoka kwa jirani yako, umemfundisha kwamba anaweza kuvutwa. Mwingine atamvuta kwa laki nne.

Mkopo mdogo wa shida ni jambo la utu. Mtoto anaumwa, mpe. Lakini uandikwe, tena uwe kiasi ambacho mgawo mmoja unaweza kukilipa na mtu akabakiwa na kitu. Katika mfano wetu wa kwanza, mvuvi aliyekopa Sh. 60,000 atapata 275,000 – 60,000 = 215,000. Deni limekwisha, ukurasa umefungwa, mnaanza upya.

Sheria inasemaje

Kwa sheria hiyo ya mwaka 2004, mwajiri anapaswa kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi: jina lake, kazi yake, mahali pa kazi, siku ya kuanza, saa za kazi, malipo na namna ya kuyapiga hesabu. Kama mwajiriwa hawezi kuelewa maandishi hayo, mwajiri anatakiwa amweleze kwa namna atakayoielewa. Na wakifika mbele ya wasuluhishi, mwajiri asipokuwa na maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye. Kwa hiyo karatasi ile inamlinda mwenye chombo pia.

Sheria inasema pia juu ya kumkata mtu malipo kwa ajili ya hasara. Tuseme wavu umepotea. Mwenye chombo hawezi kukata tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Lazima amwandikie sababu na kiasi, na ampe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, asikate zaidi ya robo moja ya malipo yake. Robo ya Sh. 275,000 ni Sh. 68,750. Wavu uliochukuliwa na dhoruba au na wezi wa ziwani si kosa la mvuvi.

Wako watakaosema, "Mvuvi wangu si mwajiriwa, sisi tunagawana tu." Ngoja kwanza. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, haitazami jina mnaloitana. Inatazama kazi yenyewe. Nani anapanga saa za kazi? Vyombo vya kazi ni vya nani? Mtu huyu anategemea kipato chake kwa mtu mmoja? Majibu yakielekea kwako, unaweza kuhesabiwa kuwa ni mwajiri. Mkiwa na shaka au mgogoro, Afisa Kazi yupo Mwanza, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi Mwanza pia. Ni afadhali kwenda huko kuliko kuviziana mwaloni na mapanga.

Maisha ya mtu kwanza

Ziwa letu lina dhoruba za usiku ambazo hazipigi hodi. Wavuvi wanajua ni tajiri yupi anayewaambia, "Nendeni hivyo hivyo, mafuta yamekwisha nunuliwa." Habari za tajiri huyo zinafika visiwa vyote kabla yeye mwenyewe hajafika. Nunua majaketi okozi kwa idadi ya watu mtumbwini. Yavaliwe, yasigeuzwe mito ya kulalia. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Na nahodha akisema "leo haturuhusu roho zetu," neno lake liwe la mwisho, bila kukatwa mgawo.

Kambi nayo iwe ya watu. Choo, kwa sababu kichocho na kipindupindu vinatoka hapo. Vyandarua. Maji ya kuchemsha. Mgonjwa apelekwe zahanati, na kitanda chake kisigawiwe mtu mwingine kabla hajarudi. Mambo haya si ghali kama injini, lakini mvuvi aliyeuguzwa vizuri na tajiri wake anakaa miaka.

Jambo jingine linalowafukuza watu wazuri ni zana haramu. Ukimwagiza kijana avute kokoro, doria ikija ni yeye anayekamatwa akiwa na kamba mkononi, wewe uko nyumbani unakunywa chai. Vijana wenye akili wanaondoka. Wanaobaki ni wale wasiojali lolote, na hao hawatajali na mali yako.

Kuna pia kina mama wanaoanika dagaa. Hao husahauliwa. Wanalipwa kwa ndoo au kwa karai, na mara nyingi hawaandikwi popote. Nao waingie katika daftari. Mwanamume anayemwambia mama kwamba hatapata dagaa au kazi mpaka akubali jambo lingine, huyo afikishwe kwa BMU na polisi, asionewe aibu.

Kwa wasomaji wasio wavuvi, mengi ya somo hili yanawafaa vilevile. Mwenye mashine ya kusaga anaweza kutumia daftari mbili na mwendesha mashine wake. Mwenye ng'ombe aliyepatana na mchungaji kumlipa ndama kwa mwaka amwonyeshe ndama huyo mapema, amtaje kwa rangi yake mbele ya shahidi. Wachungaji wengi wamehama kwa sababu ya ndama ambaye kila mwaka "alikufa".

Neno la mwisho kwa wenye vyombo: siku moja kijana wako mzuri kuliko wote atataka kununua mtumbwi wake. Wengi wenu mlianza hivyo hivyo, katika chombo cha mtu. Usimchukie. Mwulize atanunua lini, ili apate muda wa kumfundisha mwingine kabla hajaondoka. Anayeondoka kwa kuagana huleta watu.

Maswali ya darasa

1. Giza fulani mauzo yalikuwa Sh. 1,600,000. Gharama zilikuwa Sh. 1,200,000. Wavuvi ni wanne, mgawo ni nusu kwa nusu. Kila mvuvi atapata shilingi ngapi?

2. Mmoja wao alikuwa amekopa Sh. 60,000 mwanzoni mwa giza hilo. Andikeni namna ya kulipa deni lake bila yeye kwenda nyumbani mikono mitupu.

3. Giza lililofuata mvua ilinyesha sana. Mauzo yalikuwa Sh. 1,150,000 na gharama Sh. 1,200,000. Sh. 50,000 zilizopungua ni za nani kulipa? Wenye vyombo wakae upande mmoja, wavuvi upande mwingine, kila upande utoe hoja zake. Kisha andikeni mapatano mtakayofikia, myatie sahihi, na myabandike kambini kabla ya giza lijalo.